Mtoto Anayekawia Kukaa na Kutembea: Kazi za Kila Siku Ndizo Dawa Yake



Siku ya kupimisha watoto ninyi mama mnakaa pamoja juu ya benchi, mnangojea. Mnatazama watoto wa wenzenu. Huyu ameanza kukaa, yule anatambaa, mwingine anavuta kiatu cha mama yake. Na labda wewe umefunika mtoto wako sana ndani ya kikwembe, watu wasimwone. Amefikia mwaka mmoja na shingo yake haijapata nguvu. Miguu yake inakakamaa sawa miti. Ukimpa uji, anausukuma nje kwa ulimi. Na moyoni unajiuliza: Nimekosa nini?

Karatasi hii ni yako. Mimi ninafundisha kwenye masomo ya wauguzi, na miaka mingi nimekaa na mama wenye watoto wa namna hii. Neno moja kubwa ninataka ulishike: hakuna shindano litakalomfanya atembee kesho. Lakini namna unavyomlisha, unavyombeba, unavyomwosha na unavyosema naye kila siku, hiyo ndiyo dawa yake. Na dawa hiyo iko mikononi mwako.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Ubongo ndio mkubwa wa mwili wote. Ukitaka kufungua mkono, ubongo unatuma habari, na mkono unafunguka. Ukitaka kumeza mate, ubongo unatuma habari, na koo inameza. Kwa mtoto huyu, sehemu ya ubongo iliumia alipokuwa bado tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Basi habari zinafika vibaya. Ubongo unasema «fungua», na mkono unafunga zaidi. Kwa wengine mwili unakakamaa, kwa wengine unalegea sawa kitambaa, na kwa wengine unachezacheza wenyewe bila wao kutaka. Kwa Kifaransa waganga wanaita ugonjwa huu IMC. Sisi tutasema tu: ubongo ulioumia.

Angalia vizuri: miguu haina ugonjwa, mikono haina ugonjwa. Ni mkubwa wao aliyeumia. Ndiyo sababu mashindano ya miguuni, kuchanja na kuchoma ngozi, au kuvuta miguu kwa nguvu, havisaidii kitu. Vinampa mtoto maumivu, na vinamaliza mbuzi zako.

Ubongo unaumia juu ya sababu mbalimbali:
– Mtoto alikawia kulia na kupumua alipozaliwa, kwa sababu uchungu wa mama ulikuwa mrefu au mgumu.
– Alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia.
– Alikuwa manjano sana katika siku za kwanza, macho na ngozi, na hakutunzwa mapema.
– Alipata meningiti, au malaria iliyopanda kichwani.
– Aliumia kichwa kwa kuanguka sana.

Na mara nyingine hatujui sababu. Ugonjwa huu hauambukizi. Watoto wengine wanaweza kucheza naye, kulala naye na kula naye pasipo hofu.

2. NANI AMEKOSA?

Ninajua maneno yanayosemwa nyumbani. Mama mkwe anasema: «Katika jamaa yetu hatujaona kitu sawa hiki.» Jirani anasema ulikula kitu kilichokatazwa. Mwingine anasema kuna mtu aliyekuroga, au mtoto mwenyewe ndiye mchawi.

Mama, ugonjwa huu unajulikana miaka mingi. Mwaka 1861 munganga mmoja wa Uingereza, William John Little, alisimama mbele ya wenzake kule London na kuwaeleza habari za watoto waliokakamaa, akionyesha kwamba wengi wao walizaliwa kwa shida au kabla ya wakati. Watoto hawa wako Ulaya, wako Amerika, wako Asia, wako kwetu. Wako kwa matajiri na kwa maskini, kwa wachungaji na kwa wauza soko. Hata katika Injili, wanafunzi walipoona kipofu waliuliza kama ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake, na Bwana alikataa maneno yote mawili.

Hata serikali imesema juu ya jambo hili. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Mtu akianza maneno hayo nyumbani mwako, mwambie: «Huyu ubongo wake umeumia. Twende pamoja kwa muuguzi atueleze.» Na umlete kweli. Mara nyingi nimemweleza bibi wa mtoto mambo haya juu ya benchi hii hii, na akarudi nyumbani akiwa msaidizi wa kwanza.

3. ATAPONA?

Swali hili kila mama ananiuliza, nami sitakudanganya. Sehemu ya ubongo iliyoumia hairudi kuwa mpya. Lakini kidonda kile cha ubongo hakikui. Kinachozidi mwaka kwa mwaka ni mambo mengine: mtoto akilazwa chali siku zote, mishipa ya miguu inakuwa mifupi na viungo vinakauka, asipomeza vizuri, anakonda, tena chakula kinaingia kifuani, asiposemeshwa, anabaki kimya. Mambo hayo yote tunaweza kuyazuia, au kuyapunguza.

Watoto wengine wenye ubongo ulioumia wanatembea, ingawa kwa kuchechemea. Wengine wanakaa lakini hawatembei. Wengine wanahitaji mikono ya watu maisha yote. Usipime mtoto wako na mtoto wa jirani. Mpime na yeye mwenyewe: mwezi uliopita alifanya nini, na mwezi huu anafanya nini?

4. KULA: KAZI YA KWANZA

Ninaanza na chakula kwa sababu njaa inaweza kuua watoto hawa, na tunaweza kuizuia nyumbani. Na nitakuambia kosa langu mwenyewe.

Zamani, nilipokuwa muuguzi kijana, mama mmoja alileta mtoto wa miaka miwili. Kilo zake zilikuwa za mtoto wa miezi sita. Nilitazama fishi, nikakasirika. Nikamwambia mbele ya wote: «Mama, juu ya nini haumpe mtoto chakula?» Akanyamaza. Nikaandika, nikampa unga wa uji, nikaita mwingine. Mwezi uliofuata mtoto alikuwa amepungua tena. Siku ile mama akasema: «Madamu, uone basi namna anavyokula.» Akamlaza mtoto juu ya mapaja yake, kichwa kikaangukia nyuma, akamimina uji kwa kiganja, sawa mama zetu walivyofanya kwetu. Mtoto akakohoa, macho yakajaa machozi, uji ukatokea puani. Nikafahamu kwamba chakula kilikuwako nyumbani. Kilichokosekana ni njia ya kukifikisha tumboni, na mtu wa kumfundisha njia hiyo alikuwa mimi, niliyemgombeza.

Tulimketisha mtoto wima, tukamlisha kwa kijiko kidogo. Vijiko kumi vilichukua karibu nusu saa. Baada ya miezi mitatu mstari juu ya fishi ulianza kupanda. Mtoto yule hakutembea. Lakini alinenepa, alilala usiku, na aliposikia sauti ya baba yake mlangoni alicheka.

Basi, fanya hivi:

a) Mketishe wima. Akiwa mdogo, mweke juu ya paja lako, mgongo wake ukiegemea mkono wako, magoti yamekunjwa. Akiwa mkubwa, mketishe juu ya kiti chake. Usimlishe akiwa amelala chali hata siku moja.

b) Kichwa kiwe sawasawa, kidevu kikiinama kidogo mbele. Jaribu wewe mwenyewe, mama: tupa kichwa nyuma, halafu umeze mate. Unaona ilivyo ngumu? Ni hivyo kwake kila siku.

c) Kaa mbele yake, uso wako ukiwa sawa na uso wake. Ukisimama juu yake, atainua kichwa kukutazama, na koo itafunguka vibaya.

d) Chakula kiwe laini na kizito, bila vipande. Uji wa maji-maji unakimbia kooni na kumpalia. Ponda vizuri ndizi, viazi, maharagi yaliyoiva sana na kuondolewa maganda, avoka. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese, au karanga zilizosagwa laini, au sambaza zilizokaushwa na kutwangwa kuwa unga. Kwa kuwa anakula kidogo, hicho kidogo kiwe na nguvu.

e) Tumia kijiko kidogo, na usikijaze. Kiweke katikati ya ulimi, bonyeza kidogo chini, ngoja mdomo ufunge, halafu utoe kijiko taratibu. Usikwangue chakula kwa meno ya juu. Ngoja ameze kabla ya kuleta kingine.

f) Kama mdomo haufungi, saidia kwa vidole: kidole kimoja chini ya kidevu, kingine chini ya mdomo. Saidia taratibu, usilazimishe.

g) Maji mpe kwa kikombe, kidogo-kidogo. Ukipata kikombe cha plastiki, kata upande mmoja wa juu uwe na nafasi ya pua. Hivyo anaweza kunywa mpaka chini bila kutupa kichwa nyuma. Piga msasa pale ulipokata, pasimkate.

h) Mpe mara tano kwa siku, kidogo-kidogo, kuliko mara mbili nyingi. Mama anayelima anaweza kumlisha kabla ya kwenda shambani, kisha abebe chakula chake ndani ya kopo lenye kifuniko.

i) Akimaliza, abaki wima karibu nusu saa. Ukimlaza mara moja, chakula kinarudi.

Usimfunge pua ili afungue kinywa. Usimshindilie chakula akilia. Mtoto anayelia anavuta hewa, na chakula kinafuata hewa kwenda mapafuni. Akikohoa kila anapokula, au sauti yake ikikoroma sawa mtu mwenye maji kooni, au akipata homa na kupumua haraka mara kwa mara, njoo. Chakula kinaingia kifuani, nasi tutatafuta njia nyingine pamoja.

Jambo lingine: watoto hawa wanafunga choo, kwa sababu hawatembei na wanakunywa kidogo. Mpe maji, papai lililopondwa, mboga laini ya lenga-lenga. Mtoto mwenye tumbo gumu hataki kula.

5. KUBEBA NA KULAZA

Mtoto mwenye miguu inayokakamaa, usimvute kwa nyayo ili kuitenganisha. Ukivuta nyayo, inakaza zaidi, ni kama kufunga kamba. Kwanza kunja nyonga na magoti yake, halafu shika karibu na magoti, ufungue polepole. Utasikia mwili unalegea mikononi mwako.

Ukimwinua kitandani, usimvute mikono moja kwa moja. Mgeuze kwanza kwa upande, mkunje, kisha umwinue. Na kabla ya kumgusa, mwambie: «Sasa tunaamka.» Mtoto anayeshituliwa anakakamaa.

Kumbeba mgongoni kwa kikwembe ni vizuri sana, miguu ikiwa imepanuka huku na huku ya kiuno chako, na mikono yake ikiwa juu ya mabega yako. Hapo anaona njia, soko na watu, na shingo inafanya kazi. Au mbebe kiunoni, miguu imepanuka. Usimbebe amelala mikononi sawa mtoto mchanga akiwa amefikia miaka miwili au mitatu. Hapo anaona dari tu, na hajifunzi kitu.

Kulala: mlaze kwa upande, na kati ya magoti weka kitambaa kilichokunjwa. Leo upande wa kuume, kesho wa kushoto. Mchana akiwa macho na wewe uko karibu, mlaze kwa tumbo juu ya mkeka, na chini ya kifua uweke kikwembe kilichokunjwa. Mbele yake weka kijiko, kifuniko au hindi la mahindi. Atainua kichwa kutazama, na kichwa kinachoinuliwa ndicho kinachopata nguvu.

Kumgeuza kuna kanuni nyepesi: kila unapomaliza kazi moja, mbadilishe. Umemaliza kuosha masahani? Mbadilishe. Umemaliza kutwanga sombe? Mbadilishe. Hauhitaji saa ya ukutani.

6. KUKETI

Mtoto asiyekaa peke yake anaweza kukaa akisaidiwa. Hata yule mwenye umri wa miezi michache tu anaweza kuanza mapajani mwako. Halafu mtengenezee kiti. Si lazima kiti cha kununua.

– Tumia pembe ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana. Kuta zinashika mabega yasianguke nyuma.
– Baseni pana, au katoni ngumu, pamoja na vitambaa pembeni.
– Bidoni kubwa ya zamani iliyokatwa upande mmoja na kuoshwa sana. Makali yote yafungwe kwa kitambaa. Usitumie bidoni iliyobeba dawa ya kunyunyizia shambani.
– Kiti cha mbao. Hii ni kazi ya baba au ya seremala. Mtoto akikaa, nyonga zikunjwe vizuri, magoti yakunjwe, na nyayo zikanyage ubao, zisining'inie. Kati ya mapaja weka kipande cha mti kilichofungwa kitambaa, miguu isipandane sawa makasi. Mfunge kitambaa kipana juu ya nyonga. Mbele yake weka meza ndogo kwa mikono yake.

Mtoto aliyeketi anaona watu kwa macho, wala si miguu yao tu. Mama wengi wananiambia: «Madamu, tangu alipopata kiti, watu wanamsalimu.» Kiti hicho kisikae ndani ya chumba. Kikae nje, mahali unapopika, mbali na moto na maji ya moto.

7. KUOSHA, KUVAA, NA CHOO

Maji ya baridi yanamkakamaza. Mwoshe kwa maji ya vuguvugu, polepole, kichwa kikiwa kimeinuliwa. Ukiosha mkono, sema «mkono». Ukiosha tumbo, sema «tumbo». Mpe sabuni aishike, hata kama itaanguka mara kumi. Fungua kiganja chake kilichokazwa, uoshe na kukausha ndani, maana ngozi inaoza pale jasho linapokaa.

Kuvaa: anza na mkono au mguu uliokakamaa zaidi. Kuvua: huo uwe wa mwisho. Utaona nguo haipasuki tena, na mtoto halii. Akianza kusaidia, hata kwa kunyosha mkono kidogo tu, ngoja. Usimalize kazi yake. Mama mwenye haraka anafanya yote, na mtoto anajifunza kwamba hana haja ya kujaribu.

Choo: mketishe juu ya chombo kila siku saa ile ile, kwa mfano baada ya chakula cha asubuhi, ukimshika mgongo. Watoto wengi wa namna hii wanaweza kujifunza, lakini wanakawia.

8. KUSEMA NAYE

Mtu asiyesema si mjinga. Wengi wa watoto hawa wanasikia na kufahamu mambo mengi kuliko tunavyofikiri. Ni mdomo unaokataa kutii. Basi usiseme mbele yake: «Huyu hana akili», au «Mungu angemchukua». Anasikia.

Mshike na vitu viwili mbele yake: ndizi huku, avoka kule. Uliza: «Unataka nini?» Halafu ngoja. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Akigeuza macho kwa ndizi, amejibu. Mpe ndizi mara moja, ujue na yeye ajue kwamba macho yake ni maneno. Pole-pole mpatane alama ya «ndiyo» na alama ya «hapana». Fundisha jamaa yote alama hizo. Na kama hageuki unapompigia makofi nyuma yake, tuambie, tupime masikio.

9. KIFAFA

Watoto wengi wenye ubongo ulioumia wanashikwa na kifafa pia. Akianguka na kutetemeka:
– Mlaze kwa upande, toa vitu vigumu karibu naye.
– Usitie kijiko, kidole, maji wala dawa kinywani mwake.
– Usimshike kwa nguvu. Kaa naye mpaka imalizike.
– Ikizidi dakika 5, au akishikwa tena kabla ya kuamka, mlete hospitali upesi. Akiwa na homa pia, usingoje: inaweza kuwa malaria au meningiti.

Akipewa dawa ya kifafa, ampe mtu mmoja kila siku saa ile ile. Usiikate ghafula kwa sababu ameonekana mzima, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Njoo kuchukua nyingine kabla ile haijaisha.

10. JAMAA NA WEWE MWENYEWE

Mama, najua usiku wako. Najua mgongo wako. Kazi hii si ya mtu mmoja.

Baba anaweza kumlisha mara moja kwa siku. Mfundishe kama nilivyokufundisha, na usimcheke akimwaga. Kaka na dada wacheze naye, wampeleke kanisani na sokoni. Lakini usimtoe binti yako kwenye masomo ili awe mlinzi wa mdogo wake. Hapo utakuwa umefunga njia ya watoto wawili.

Usiwasahau wale wazima. Mpe kila mmoja dakika zake, hata kama ni njiani kuteka maji.

Ukiinua mtoto mzito, kunja magoti yako, usiinamishe mgongo. Na kama kuna mama mwingine hapa mwenye mtoto sawa wako, ketini pamoja siku ya kupimisha. Mtasaidiana kuliko mimi ninavyoweza.

Mtoto huyu apate chanjo zote, sawa watoto wengine. Alale chini ya chandarua. Ana haki ya masomo vilevile: mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Nenda kwa mkubwa wa masomo mapema, umweleze mtoto anafahamu namna gani na anaketi namna gani. Na katika miji yetu mikubwa kuna vituo vilivyojulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya watoto vilema, sawa Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu. Uliza muuguzi wako akuandikie barua.

11. NJOO MAPEMA

Usingoje mwaka wa tatu. Leta mtoto ukiona moja ya mambo haya:
– Miezi 4, na kichwa hakijashika.
– Miezi 9, na hakai hata akisaidiwa.
– Anatumia mkono mmoja tu kabla ya kufikia mwaka 1, na mwingine amekaza ngumi.
– Miguu inapandana sawa makasi unapomwosha.
– Hanyonyi vizuri, au anapaliwa kila mara.

Na ninyi wenye mimba: njooni kupimwa kila mara mnapoitwa, na mzalie kwenye matenite. Mtoto akiwa manjano katika siku zake za kwanza, hasa siku ya kwanza, au akiwa manjano na kukataa kunyonya, usimweke juani na kungojea. Mkimbize hospitali siku ile ile.

MASWALI YA KUJIBU PAMOJA JUU YA BENCHI

1. Juu ya nini mashindano ya miguuni hayasaidii mtoto huyu?
2. Kichwa kiwe namna gani wakati wa kula? Mwonyeshe jirani yako.
3. Unaanza na mkono gani unapomvika?
4. Nani nyumbani mwako ataanza kukusaidia wiki hii, na katika kazi gani?

Mama, kesho asubuhi usianze na mambo yote haya. Anza na moja: mketishe wima, umlishe kijiko kidogo-kidogo. Wiki itakayofuata, ongeza lingine. Na siku ya kupimisha, fungua kikwembe. Watu wanamwita kilema, lakini yeye ana jina lake. Mimi nitamwita kwa jina hilo, na kama macho yake yatanigeukia, tutajua wote wawili kwamba amejibu.